Winda la Kwanza

Hasira za Mastula zilijulikana mtaa mzima wa Namatala, mjini Mbale, na kusema haki, nyingi zilikuwa na sababu. Alimkasirikia muuza samaki anayefunga samaki kwa karatasi ya saruji. Aliwakasirikia vijana wanaokojoa ukutani kwa watu, halafu wakakusalimu shikamoo kwa mkono ule ule. Lakini mwaka ule wa tisini na sita, kilichomchemsha damu kuliko vyote kilikuwa nepi za plastiki.

Mwanawe Muzamiru aliuza vipuri vya baiskeli Jinja. Mkewe Patience alipokaribia kujifungua, akamleta Mbale alelewe kwa mama mkwe kama ilivyo desturi, yeye akarudi dukani. Mtoto akazaliwa, msichana, Mastula akampa jina la Nandutu. Tangu hapo baba mtu akawa anatuma pakiti za nepi za kutupa kwa madereva wa teksi, na pakiti zenyewe anazifunga nje ya mzigo makusudi, njia nzima wajue kwamba mtoto wa Muzamiru havishwi matambara. Haya, wakajua. Na mtoto naye akajua, maana mapaja yalimtoka vipele hadi ngozi ikawa kama nyanya iliyomenywa, akilia mpaka sauti inakauka.

Mastula akauliza ni akili gani hii, kumfunga kiumbe cha Mungu ndani ya plastiki kama mkate wa dukani. Mkate wenyewe ukiufunga hivyo na joto hili unaota ukungu. Akazikusanya zote akazitupa kwenye pipa, zilizotumika na ambazo hazijatumika, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mjukuu wake atavaa pamba.

Pamba alikuwa na haki ya kuisemea. Mastula alizaliwa Mbale hapo hapo, katika mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili kilisemwa mezani na sokoni, si kile cha askari cha kuamrishia watu walale chini. Alipoolewa akapelekwa Jinja, akakaa Mpumudde, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Huko ndiko ujana wake ulikoishia, amesimama mbele ya mtambo wa kufumia, makelele yakimla masikio, vumbi la pamba likimjaa puani. Serikali zilikuja na kuondoka na bunduki zao, mtambo ukawa unafuma. Halafu mitambo nayo ikaanza kufa mmoja mmoja, vipuri hakuna, na siku wa kwake ulipokuwa unafuma kitambaa cha mwisho, Mastula akapitisha uzi wa buluu ukingoni. Hakuagizwa na mtu. Alitaka tu kijulikane kwamba ni chake. Msimamizi wao, mzee Romano, akauona ule uzi, na jioni akamkatia kile kitambaa akamwambia aende nacho nyumbani.

Kilikuwa marekani safi, pamba tupu, kizito lakini laini. Mastula akakifua, akakianika mpaka kikawa cheupe pe, akakikunja na vipande vya kafuri ndani, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Hicho ndicho angezikwa nacho. Mumewe alipofariki akarudi Namatala, na huko akawa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa, kwa hiyo alijua vizuri watu wanavyoondoka duniani: wengine kwa nguo ya kuazima, wengine kwa nguo waliyonunuliwa na ndugu wakigombana mlangoni. Yeye atakwenda kwa Mola wake amevaa kazi ya mikono yake. Kila Ramadhani alikitoa akakipunga hewa, akakirudisha. Mali nyingine ya kujivunia hakuwa nayo.

Sasa Patience. Patience alikuwa binti wa Ojok, askari wa magereza, mtu wa kaskazini, na alikulia katika laini, nyumba za askari, kule Jinja. Alisilimu ili aolewe na Muzamiru, na Mastula akampa jina la Subira, akisema ni Patience yule yule ila amejifunika. Kiswahili alikuwa nacho, lakini kile cha gwaride. Ukimwita anasimama wima. Ukimtuma anakujibu, "Ndiyo, afande," kama alivyozoea kwa baba yake, na Mastula kila mara anamwambia kwamba yeye si afande wa mtu. Mtoto wa watu hakuwa mbaya. Alikuwa mtiifu kupita kiasi, na mtiifu asiyeelewa ni hatari kuliko mkaidi.

Wiki hiyo hiyo ya nepi, habari zikaja kwamba Nabifo, shoga yake Mastula wa kiwandani, amefariki Mpumudde. Mastula akavaa viatu vyake vya safari. Akiwa mlangoni, teksi inapiga honi, akatoa maagizo: mle sandukuni mna mashuka ya zamani, akate mawinda ya kumfunga mtoto badala ya nepi, atumie nguo yoyote atakayoiona inafaa, ila sanda yangu usiguse. Patience akajibu kwamba amesikia. Na kweli alisikia. Balaa lilikuwa katika alichosikia.

Jinja, Mastula alimwosha Nabifo kwa mikono yake. Ilipofika wakati wa kumvisha, watoto wa marehemu wakaleta kitambaa cheupe cha tetroni, nyuzi za plastiki tupu, kinameremeta, kinateleza mikononi kama utumbo wa samaki. Mastula alikaribia kuwatukana mbele ya maiti. Mwanamke aliyefuma pamba maisha yake yote, leo anafungwa kitu kisichojua hata kunyonya tone la maji. Lakini mazishi hayangoji, akameza hasira, akamvisha rafiki yake tetroni. Akakaa mpaka khitima, na njia nzima ya kurudi alimshukuru Mungu kwamba sanda yake iko sandukuni.

Alipofika nyumbani akakuta sandali zake za ngozi, alizokuwa ameziacha mlangoni, zimepanguswa, zimepakwa mafuta, zimewekwa juu ya kabati kwenye gazeti safi. Akafurahi. Akasema moyoni, huyu msichana kumbe anafundishika. Akamchukua mjukuu, akamnusa shingoni kama wanavyofanya bibi wote.

Mtoto alinuka kafuri.

Wewe unayesoma labda kafuri kwako ni dawa ya mende. Kwa Mastula ilikuwa harufu moja tu, na alikuwa ametoka nayo Mpumudde vidoleni. Alidhani mtoto amekufa mikononi mwake. Akamfungua kwa pupa, akaona mapaja yamepona, vipele vimenyauka, na katikati ya mapaja winda jeupe la marekani, lina uzi wa buluu ukingoni. Akainua macho uani. Kamba nzima ilikuwa imejaa mengine, yanapepea.

Akamwita Patience. Akamuuliza sanda iko wapi.

"Ndiyo, afande," Patience akasema, akakimbia ndani. Akatoka na zile sandali, amezibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti akamkabidhi. "Mimi hapana gusa, Mama. Nilipanguza tu, nikaweka juu, hata panya asiguse."

Mastula akazitazama sandali. Akamtazama msichana. Majirani walipokuja kuijua habari hii walicheka wiki nzima, na bado kuna wanaoicheka, lakini wao hawakukojolewa sanda. Yeye hakucheka. Alizitupa zile sandali mpaka ng'ambo ya ua, akaanza kusema, na alipoanza hakunyamaza. Alimwambia kwamba ile nguo alikuwa azikwe nayo. Alimwambia ni kazi yake ya mwisho, kwamba mtambo ulioifuma umekwisha kuwa chuma chakavu, hata akipewa dunia yote hataipata nyingine. Akamuuliza kwao wanazika watu na nini, na Patience, machozi yanamtoka, akajibu kwamba kwao ni blanketi na sanduku la mbao, nguo nyeupe yeye aliiona nguo tu, na ile kafuri alifikiri ni ya wadudu. Subira huvuta heri, wahenga walisema. Huyu Subira alivuta mkasi.

Tena kukata kwenyewe hakujui, jambo lililomuuma Mastula mara ya pili. Alikuwa amekata mshazari, bila pindo, nyuzi zinafumuka kila upande. Hata kuharibu kuna ufundi wake.

Muzamiru akaitwa. Akaja Jumapili, akasikiliza, akacheka kidogo, kosa. Akasema Mama, nguo ni nguo, na wiki iliyofuata akaja na furushi la karatasi amelibeba kwapani kama bwana harusi. Akalifungua. Tetroni. Inameremeta.

Mastula hakupaza sauti safari hii, na waliomjua walisogea mbali. "Mwanao anakuja duniani unamfunga plastiki," alisema. "Mama yako anaondoka, naye unataka umfunge plastiki. Wewe Muzamiru, mimi nilikufunga nini?"

Muzamiru akaanza kulifunga furushi. Alifungwa marekani, bila shaka, mabaki ya kiwandani, na kila mtu pale alilijua hilo. Akaondoka na furushi lake, na hakumaliza hata chai.

Ikabaki hasira ndani ya nyumba, wanawake wawili na mtoto. Mastula hakumsemesha mkwewe ila kwa amri: chemsha maji, geuza sufuria, usitie sabuni nyingi, anika juani si kivulini. Lakini jicho lake la mfumaji halikuweza kuvumilia zile nyuzi zinazofumuka. Kila jua lilipopoa alikaa kibarazani na sindano, akachukua winda moja kutoka kambani, akalipiga pindo, huku ananung'unika. Akamaliza moja, akachukua jingine. Mtu angesema anasamehe. Hakuwa anasamehe, alikuwa anashona, na kila sindano ilipomchoma kidole alimlaumu Ojok kwa kutomfundisha binti yake lugha.

Nandutu naye akanenepa. Ngozi ikamlainika, usiku akalala. Mastula aliliona hilo, na hilo nalo lilimkasirisha, maana angependa kosa lile liwe na hasara tupu.

Siku moja akarudi kutoka kumwosha mtu upande wa pili wa mtaa, akakuta kamba uani haina kitu. Patience alikuwa kwenye mkeka, nepi zote zimemzunguka, anaziunganisha. Pindo kwa pindo, uzi wa buluu kwa uzi wa buluu, ameshafika karibu nusu ya urefu wa mtu. Vidole vilikuwa vimechubuka. Mtoto alikuwa pembeni yake, uchi, amelala kwenye mkojo wake, midomo inamtetemeka kwa baridi ya mvua.

"Nini hiyo?" Mastula akauliza.

"Narudisha, Mama," Patience akasema bila kuinua macho. "Sanda. Mi najua sasa ni nini. Nikimaliza utakuwa nayo tena."

Hapo ndipo hasira ya Mastula ilipofika kileleni. Akamnyang'anya kile kitambaa, akashika mshono wa kwanza akaupasua. Wa pili akaupasua. Akapasua mpaka wa mwisho, nyuzi zikaruka, Patience akajifunika uso akidhani sasa anapigwa. Hakupigwa. Mastula akachukua winda moja lililokuwa laini, akamwinua mtoto, akampangusa, akamfunga, akamkaza kiunoni vizuri, ndipo akakaa chini akihema.

Akasema, na sauti yake ilikuwa bado ya ukali, "Sikiliza, na safari hii sikiliza vizuri, kwa sababu nitasema mara moja. Mimi sina binti. Siku yangu ikifika, utaniosha wewe. Nitakufundisha. Sanda watanunua, wanunue hiyo hiyo tetroni yao kama hawana haya, nitakuwa sina la kusema. Lakini maiti kabla ya kuvishwa sanda huwekewa pamba, halafu hufungwa winda. Hicho ndicho kitu cha kwanza. Kabla ya nguo yoyote, winda, kama huyu hapa." Akampigapiga mtoto matako. "Huyu akishakua, katika nepi hizi uniwekee moja. Iliyofuliwa sana, iliyolainika kuliko zote, yenye uzi wa buluu. Hiyo ndiyo itagusa mwili wangu. Na usinipanguzie sandali."

Patience akasimama wima, mikono imenyooka mapajani, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Ndiyo, afande," akasema.

Safari hii Mastula hakumkaripia kwamba yeye si afande wa mtu. Akamwambia achukue sufuria, hizo nyingine zichemshwe upya, zimeburutwa chini.