Mnyama wa Angani Alivyokosa Soko Kiomboi

Mwanangu, ulipokuja na kompyuta yako kunionyesha gemu unayotunga, ya kutisha, ya watu waliopotea huko angani, uliniuliza kama itauzika. Nikaikumbuka siku moja ya mnada pale Kiomboi, ambayo hata leo sijaielewa vizuri.

Soko huria lilikuwa limeingia, televisheni zikaanza kupatikana. Baba aliuza maksai wake wa kulimia ili nifungue banda la gemu. Vijana walipenda gemu za mpira na ngumi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaleta gemu ya chombo cha angani kilichovamiwa na mnyama. Maneno yote Kiingereza.

"Huyu si panzi tu?" mmoja aliuliza. Wakacheka, wakarudi kwenye mpira.

Iliniuma, maana maksai walishakwenda. Nikaanza kuisimulia ile gemu kwa Kiswahili, na Kinyiramba kidogo. Nikasema yule si panzi, ni simba mtu, binadamu aliyegeuzwa simba kwa uchawi, ametumwa na mtu wa hapahapa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Banda lilijaa, kisha watu wakaanza kupungua. Kina mama waliwakataza watoto wao. Waliobaki wakauliza katumwa na nani. Wakajitafutia jibu wenyewe: Bibi Marieta, mjane aliyeuza karanga mlangoni kwangu, eti mchawi, kwa sababu tu ya macho yake mekundu. Karanga zake zikakosa mnunuzi. Hofu ya namna hiyo unajua inakoishia: kwenye mapanga. Niliogopa kweli.

Siku hiyo ya mnada, mchana, Bibi Marieta aliingia bandani, watu wamejazana mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nishikishe hicho kidude. Nasikia mnyama ni wangu, nataka nimwone."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Hakufika mbali. Mnyama alitoka ukutani, akamtafuna yule mtu wake kwenye kioo. Bibi akaweka kidude chini.

"Sasa ningekuwa namfuga mimi, angenila?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akanunua karanga, na mwenzake naye. Bibi akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, kutisha watu tisha. Ila usiwaonyeshe mlango wa jirani."

Tangu hapo hakuna aliyeiogopa tena ile gemu wala kuilipia, na banda likafa. Nilifurahi na nikalia, sikujua kipi ni kipi. Mnyama akiwa mgeni mno, wanamcheka. Akiwa wa nyumbani mno, wanakimbia na kumuumiza mtu. Katikati ni wapi? Sijui, mwanangu, na nisikudanganye.

Patafute mwenyewe, kwa subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninachokijua ni kimoja: mtu akizima gemu yako, aweze kutoka nje akamwamkia jirani yake bila kumkagua macho. Mungu akupe wateja, na asikupe hata mmoja kwa machozi ya mwingine. Haya, washa hiyo kompyuta, nitishe.