Kompyuta Isiyopitisha Hewa

Seremala huyu watu walimwita Msasa, na jina hilo hakulipata bure. Mlango wake ukifunga, umefunga. Huwezi kupenyeza hata wembe. Akiona droo ya fundi mwingine inapwaya, hukereka siku nzima, na mkewe ndiye anayeyasikia yote.

Sasa binti yao wa pekee, mchora ramani za nyumba, alikuwa ameitwa kazini mji mwingine, mwendo wa basi wa kutwa nzima, na alikuwa bado hajajibu. Msasa hakumwambia asiende. Angeanzia wapi? Alijitia hamnazo, akapaka rangi chumba cha pembeni mwa karakana, akaingiza meza pana, kisha akamwambia binti anunue vifaa vya kompyuta yenye nguvu ya kuchorea, ila kasha asinunue. Hilo angelitengeneza yeye. Mkewe alicheka tu. Alijua mzee anatega.

Kasha lenyewe lilikuwa nyumba. Si nyumba yoyote, bali ile waliyopanga binti alipozaliwa, ambayo baadaye ilibomolewa barabara ipite. Msasa aliijenga upya kwa mvule: baraza yenye nguzo mbili, paa la bati la makopo alilolikunja kipande kwa kipande, na mlango ambao kitasa chake ndicho swichi ya kuwashia. Madirisha aliyachonga juu ya ukuta wenyewe, yamefungwa, hata bawaba zinaonekana. Kila ungio alilitia gundi, akasugua hadi mkono ukateleza. Binti alifunga vifaa ndani na kuunganisha nyaya huku baba ameshika tochi, akiuliza hiki kazi yake nini na kile kinakwenda wapi. Hawakuwa wamekaa pamoja hivyo tangu binti aanze chuo. Msasa alifurahi waziwazi, akawa anapiga mluzi.

Wakafunga paa, wakaiwasha. Binti akafungua ramani ya ghorofa. Feni zikaunguruma, zikazidi kuunguruma, na kitambo kidogo kioo kikawa cheusi. Wakaiacha ipoe, wakajaribu tena, mambo yaleyale. Binti aligusa paa, akaondoa mkono haraka.

"Baba, inapumulia wapi?"

Msasa akapapasa maungio aliyoyatia gundi. Maisha yake yote kazi yake kuziba nyufa, na hakuna mteja aliyewahi kumlalamikia kwamba ameziba mno. Binti akasema si neno, atanunua kasha la kawaida, hili libaki kabatini liwe pambo. Pambo, jamani! Uso ukamshuka mzee wa watu.

Mkewe, aliyekuwa ameingia na chai, aliizunguka ile nyumba akiitazama.

"Mzee, lini tuliishi mle madirisha yamefungwa? Si tungekufa kwa joto?"

Msasa akasonya, akachukua patasi. Ilimuuma, maana katika kazi yote hakuna kilichomtoka vizuri kama madirisha yale. Aliyakata moja moja, binti akishikilia ukuta usitikisike, akayarudisha kwa bawaba ndogo, yakafunguka kwa nje. Nyuma akatoboa matundu ya kutolea joto. Walipoiwasha, ghorofa likazunguka kwenye kioo pande zote, na feni zikavuma taratibu. Ukisogeza kiganja dirishani, unahisi upepo unaingia.

Binti alichora hadi adhuhuri bila kusumbuliwa. Kisha akageuka.

"Baba, ile kazi nimeikubali. Na hii nakwenda nayo. Nitaipakata mwenyewe kwenye basi."

Roho ilimuuma Msasa, wala hakuficha. Alikaa juu ya benchi la kazi, akasema alidhani angeitumia hapohapo, kwenye chumba cha rangi mpya. Binti akamwambia alijua hivyo tangu aliposikia harufu ya rangi.

Mzee akainuka benchini. Halafu akavuta futi yake, akaipima nyumba upana, urefu na kimo, akaongeza nafasi kidogo kila upande.

"Kupakata haifai," alisema. "Njia ina mashimo." Akaenda kuchagua mbao za sanduku la safari.