Springi Mbili za Mau Narok

Mwaka wa 1954, katika shamba moja la pareto juu ya Mau Narok, fundi Wamalwa alikuwa haongei na mtu njiani, haulizi habari za mtu, na kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Si kwamba alizaliwa hivyo. Alitoka Bungoma kijana mcheshi, akafunzwa mashine na Ngigi, fundi mkuu wa shamba, mtu mpole aliyesafisha kila nati kwa mswaki. Kisha Hali ya Hatari ikaingia, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, Ngigi akapakiwa kwenye lori la kizuizini pamoja na Wakikuyu wengine, na ufunguo wa stoo ukaja kwa Wamalwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wamalwa alikuwa ametia maji mpaka yakamchuruzika shingoni.

Ndipo Bwana Mzungu mwenye shamba, ambaye vibarua walimwita Kiguu kwa kuchechemea kwake, akaamuru pikipiki yake kuukuu ifufuliwe. Ilikuwa imelala stoo miaka sita, tangu ilipomwangusha na kumvunja mguu, na aliyeilaza ni Ngigi. Sasa nyaya za simu zilikatwa kila mara, naye alitaka chombo cha kupeleka habari kituo cha polisi upesi. Akatoa wiki moja. Tena akamweka nyapara Micah juu ya gunia mle stoo, amtazame fundi.

Wamalwa alifanya kazi huku kisogo kikimwasha. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama utomvu. Akavua tangi akaliosha, akafungua kabureta, akazibua vitundu vyake kwa uzi wa waya. Akatoa plagi, akamimina oili shimoni ili pistoni iliyoshikana iachie. Siku ya pili ikaachia, na siku hiyo hiyo Wariara, mke wa Ngigi, akasimama mlangoni na karai la nguo. Yeye alibakizwa shambani kwa sababu memsahibu, mke wa Kiguu, hakutaka mwingine amfulie.

"Fundi," akasema, "kuna neno Ngigi aliniachia, juu ya hiyo pikipiki."

Micah alikuwa ametoka kwenda haja, lakini angerudi wakati wowote. Na mke wa mtu aliyeko kizuizini angeleta neno gani, kama si la huko msituni? Wamalwa hata hakuinua macho.

"Mama Wangare, enda na nguo zako. Mimi sitaki maneno."

Mama wa watu akajitwika karai lake, akaenda zake.

Kesho yake Wamalwa akafungua kifuniko cha ubavuni, pale valvu zinaposukumwa. Springi za kuzirudisha hazikuwapo, zote mbili. Micah akainama, akaona, akainuka polepole. Hakuna aliyekuwa hajui bunduki za msituni zinaundwa na nini: bomba la maji, komeo la mlango, na springi.

Kabla ya saa sita walikuwa barazani kwa Kiguu. Kiguu aliuliza jambo moja tu, ufunguo wa stoo anao nani. Wamalwa aliogopa, tena aliogopa vibaya. Akamwona mkewe Naliaka na watoto wanne wakitupiwa vyombo vyao nje. Ulimi ukamtangulia.

"Aliyelaza hiyo pikipiki ni Ngigi, Bwana. Na jana mke wake alikuja stoo, akasema ako na neno la Ngigi."

Hakuwa amesema uongo hata chembe. Jioni ile polisi walimchukua Wariara na bintiye Wangare, na mashuka ya memsahibu yakabaki kwenye kamba yakinyeshewa.

Kiguu akamtuma Wamalwa Nakuru na lori la pareto, akatafute springi nyingine. Akazunguka maduka ya Wahindi kutwa nzima. Kila mmoja alimwambia injini ile imepitwa na wakati, hata vipuri vyake haviletwi tena. Akarudi mikono mitupu, siku moja ikiwa imebaki.

Asubuhi akaifungua taa ya mbele, atazame kama waya umeliwa na panya. Ndani mlikuwa na kifurushi cha kitambaa kilicholoweshwa grisi. Springi mbili, safi, zinang'aa. Ngigi alizitoa ili zisikae zimekandamizwa miaka yote na kulegea, akaziweka mahali pakavu. Hakuna fundi mwingine ambaye angejisumbua hivyo. Na hilo ndilo neno alilomwachia mkewe.

Wamalwa akakaa sakafuni, akaona aibu. Micah hakuwapo, mwizi si alishapatikana? Akafikiri kukibeba kifurushi mpaka barazani. Lakini wangesema nini? Kwamba mwenye ufunguo alizificha mwenyewe, kisha akamsingizia mwanamke. Akazifunga mahali pake. Teke la tatu injini ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma.

Kiguu akaja akichechemea, anacheka, Micah nyuma yake.

"Hii springi natoka wapi?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Sentensi moja ingetosha kumtetea Wariara. Wamalwa akapangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Nakuru, Bwana," akasema. "Kwa Mhindi."

Kiguu akampiga bega, akamgeukia Micah, akamwambia kwamba katika shamba lote hili, mtu wa kuaminika ni huyu mmoja.