Baba na Ng'ombe wa Buffalo

Nyumbani kwetu Beechmont, mtaa wa Louisville huku Marekani, hatukuwa tukizungumza habari za ng'ombe. Hakuna aliyekataza. Baba alikuwa mfugaji kule milimani, Kivu ya Kusini, Kongo, na watu wenye silaha walipowaswaga ng'ombe wake wote, alifunga virago akatukimbiza sisi watoto, na tangu siku ile hakuwataja tena. Miaka ya kambi ya wakimbizi ikapita hivyo, na ya Louisville pia. Nilikuwa nikitoka kazini, ninakohudumia wazee, namkuta dirishani anatazama mabasi yakipita.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Buffalo, mji ulio mbali kaskazini. Alianza ghalani akipakia maboksi, mgongo ukamsumbua, kisha akapata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji. Alinieleza mimi kwanza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari za msiba, maana hakujua Baba ataambiwaje. Nilimwambia aseme tu. Basi akampigia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Bon," yaani sawa, akanirudishia simu. Zikapita siku kadhaa. Halafu tukiwa tunakunywa chai akasema, "Mama, unipeleke nione." Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Tuliondoka asubuhi kwa gari langu. Sehemu kubwa ya njia ya kwenda Columbus, mji ulio katikati ya safari, ni mahindi na soya, kushoto na kulia, na Baba aliuliza wanaolima wako wapi. Nikamwonyesha trekta moja mbali, limeacha vumbi nyuma yake. Nilimweleza nilichokuwa nimesikia kwa mdogo wangu, kwamba matrekta kama hayo huongozwa na setilaiti, hayapiti mara mbili mahali pamoja, na mengine hunyunyiza dawa penye magugu tu, ili udongo usilishwe sumu bure. Aligeuza shingo kulitazama mpaka likapotea.

"Ndani mule iko mutu?"

Nikasema yumo, mmoja.

"Anaongea na nani?"

Nikasema labda anapiga simu kwao.

Columbus tulipumzika kwa shangazi, mdogo wake Baba. Alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na bugali, tukala vizuri. Lakini wakati wa kuosha vyombo alinishika mkono, akasema Baba ametulia sasa, kwa nini nimpeleke kuona ng'ombe wa watu. Aliogopa nitaamsha yaliyolala. Nikamwambia ni yeye mwenyewe aliyeomba. Alitikisa kichwa, akatufungia chakula cha njiani, akasimama barabarani mpaka tukakata kona.

Tulifika Buffalo usiku, na kesho yake mdogo wangu alitupeleka shambani. Tulivaa buti za mpira, tukakanyaga kwenye beseni la dawa, tukaingia bandani. Ng'ombe walikuwa weusi kwa weupe, wakubwa, hawana pembe, na kila mmoja alivaa mkanda shingoni wenye kidude kama kiberiti. Baba alisimama mlangoni. Nilimtazama usoni nikaona midomo yake inacheza bila kutoa sauti. Nikadhani shangazi alisema kweli.

Mdogo wangu alianza kueleza haraka haraka, kama mtu anayeogopa ukimya. Ng'ombe akitaka kukamuliwa huingia mwenyewe kwenye mashine, hakuna anayemwita. Kile kidude cha shingoni husikiliza jinsi anavyocheua mchana na usiku, kisha kinapeleka habari kwenye simu. Asipocheua sawasawa, simu inasema.

Baba akamuuliza kama kweli kile kitu kinasikiliza kucheua. Akajibiwa ndiyo. Hapo akasogea, akaegemea ukingo wa zizi, akasema baba yake alikuwa akilala na mgongo ukutani kwa zizi, na wakimuuliza kwa nini, anasema anawasikia wakila mara ya pili. Mimi na mdogo wangu hatukutazamana. Babu hatukumjua, na hatukuwahi kusikia lolote juu ya zizi lake.

Baada ya hapo maswali hayakwisha. "Bon, na mavi yote hii munapeleka wapi?" Tukapelekwa nyuma ya banda penye shimo kubwa lililofunikwa kwa turubai nene jeusi, limevimba kama mkate. Samadi inaoza humo, gesi yake inaendesha jenereta, na taa za bandani zinawaka kwa hiyo. Kinachobaki kinarudi shambani kuwa mbolea, na trekta lina ramani inayoonyesha wapi pameshiba na wapi pana njaa, ili mvua isizoe uchafu kuupeleka kijitoni. Baba hakutaka ramani. Alitaka kijito. Tukashuka naye bondeni. Kilikuwa chembamba, majani yameachwa marefu kingo zote mbili, maji yanaonyesha mawe. Aliinama akanawa mikono, akatueleza habari za chemchemi ya kwao na mahali ambapo ng'ombe hawakuruhusiwa kukanyaga kwa sababu akina mama walichota maji hapo. Alizungumza mpaka miguu yetu ikapata baridi.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, simu ya mdogo wangu ikalia. Ng'ombe mmoja aliyezaa juzi alikuwa hacheui. Baba alimkumbuka, kwani alikuwa amempita asubuhi akamsifu kwamba ni mzima. Tulimkuta amesimama, ila masikio yamelegea, na mdogo wangu alipoyagusa yalikuwa baridi. Alimpigia daktari wa mifugo, akaambiwa dawa ya kumpa. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alifika akauliza mzee yule ni nani. Mdogo wangu akamjibu. Yule mama akafungua geti, akamfanyia Baba ishara aingie.

Baba alikishika kichwa cha yule ng'ombe kifuani mwake wakati mwanawe anatia dawa. Akaanza kusema naye polepole kwa lugha yetu ya mlimani, yale maneno ya wachungaji, yenye sifa na kubembeleza, ambayo mimi nilidhani nimeyasahau. Ng'ombe alitulia. Ilikuwa kazi ya muda, na Baba hakunyamaza hata kidogo.

Walipomaliza alipangusa mikono kwenye suruali.

"Mimi sikuona," alimwambia mdogo wangu. "Hii kitu iliona. Na weye ulijua cha kufanya. Donc, basi, ungali muchungaji."

Mdogo wangu ni mtu mzima mwenye ndevu. Aligeuka akajifanya anakusanya vifaa.

Yule ng'ombe alipona, akarudi kwenye foleni ya mashine. Mimi likizo yangu iliisha, Baba akasema atabaki kidogo. Nilirudi Louisville kiti cha pembeni kikiwa kitupu, na huko Columbus shangazi aliponiona peke yangu alitoka mbio bila viatu, ikabidi nimpigie Baba simu papo hapo ili amsikie.

Kile "kidogo" chake hakijaisha hadi leo. Anakaa na mdogo wangu, na mwenye shamba amewaruhusu waitazame ile programu inayoleta habari za ng'ombe kwenye simu ya Baba pia. Ninapopata wikendi ndefu naenda huko. Mara ya mwisho niliwakuta mezani, simu iko katikati ya vikombe, wanabishana kama mtamba mmoja ameshika mimba au bado. Baba anasema bado, mdogo wangu anasema mashine imesema ndiyo. Hakuna aliyenigeukia. Nilivua koti, nikajimiminia chai, nikakaa kuwasikiliza.