Funda Alilomeza Mkamburi

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. La, ngoja, nimekosea. Themanini na tatu tulipiga kura kwa karatasi, nakumbuka kwa sababu nilikunja yangu vibaya nikafokewa. Ninayotaka kusema ni ya themanini na nane, mwaka wa mstari. Mgombea anaweka mtu ashike picha yake, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya picha unayoitaka, juani, jirani akikuona, mkubwa wako wa kazi akikuona. Walisema huo ndio uwazi. Haya.

Wakati huo nilikuwa natembea na koleo na risasi ya kuzibia sufuria, leo Voi, kesho Mwatate, baadaye Taveta, na watu wengi niliwajua kwa vyombo vyao. Mkamburi wa Maghanga nilimjua kwa birika lake lililovuja palepale kila mwaka. Aliuza ndizi soko la Voi, ndizi za Taveta zinazokuja kwa treni. Shule aliishia darasa la nne. Lakini kukiwa na matanga, yeye ndiye aliyeitwa, maana alikuwa na kipaji cha kumtungia marehemu maneno yake mwenyewe. Maneno ya kukopa kanisani hakuyataka. Katika familia yao alibaki yeye na kaka yake, Danson, mkata katani, mtu wa maneno machache.

Diwani wetu aliitwa Onesmus. Alikuwa mtu wa suti nyingi na wazo moja, nalo lilikuwa yeye mwenyewe. Siku ya mstari, kwenye uwanja wa shule, nyuma ya picha yake walisimama shemeji zake na watu wa baa yake. Nyuma ya picha ya mpinzani, karani mmoja mstaafu, watu walipanga mstari mpaka kwenye uzio wa shule. Wa kwanza mstarini alikuwa Danson.

Vijana wa chama wakashuka kwenye pikapu na marungu. Wakamwambia ahamie kwa Onesmus, wakijua akitoka wa mbele, wa nyuma watamfuata.

"Nimepanga hapa," Danson akasema. "Hapa ni pangu."

Wakampiga palepale, mbele ya mstari mzima. Hakumaliza wiki hospitalini. Ikaandikwa kwamba alianguka na baiskeli. Danson hakuwa na baiskeli, wala hakujua kuendesha. Na Onesmus akatangazwa mshindi. Ule mstari mfupi ulikuwa umerefuka ndani ya ofisi, kwenye kivuli.

Kwenye mazishi Mkamburi hakulia. Alisimama karibu na kaburi, akaimba hivi:

Danson kasimama wima
mstarini na wenzake,
waja vijana wazima
na rungu, mtu na lake.
Kosa lake ni kusema
ya kwamba hapa ni pake.
Mstari ukatazama,
mtu na viatu vyake.

Basi. Hayo maneno yalitoka pale makaburini yakaingia mashamba ya katani, yakapanda treni, yakafika sokoni. Wasichana waliyarukia kamba. Nilikwenda mpaka Mata kuziba madebe, nikawakuta wanawake wanayaimba wakipalilia, na Danson hawakumjua.

Onesmus akaona dawa ya shairi ni shairi. Akamtafuta Mwalimu Reuben, mtunzi wa sherehe, mtu aliyeweza kumsifu yeyote bora kuwe na pilau. Reuben akaja sokoni na tai, akapanda juu ya kreti, akasoma kwamba Onesmus ni taa yetu, Onesmus ni nguzo yetu, Onesmus ni maji yetu.

"Mwalimu," akauliza Nduku, Mkamba aliyeuza maharagwe kando ya Mkamburi, "maji yapi? Bomba limekauka tangu Krismasi."

"Ni mfano, mama."

"Basi nijazie mtungi huu kwa mfano."

Soko likacheka. Reuben akashuka, kreti likamng'ang'ania suruali, akaenda zake imechanika.

Sasa nieleze jambo la kwetu Taita, maana wasomaji wengine si wa huku. Kwetu, hasira ya mtu aliyedhulumiwa si kitu cha kuchezea. Ikikaa moyoni mwake inaweza kumdhuru aliyemkosea, hata ng'ombe wake, hata watoto wake. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anachukua funda la maji ya miwa, au hata maji tu, analipuliza nje kama manyunyu, huku akisema hasira imemtoka, baraka iwe. Akishatoa, imekwisha. Kama alikuwa na wimbo wa kulaumu, hauna tena mwenyewe, hana ruhusa kuuimba. Na ole wako utase kwa uongo.

Onesmus alijidai mtu wa maendeleo, mambo hayo aliyaita ya kizamani. Lakini ndama wake wawili wakafa, kisha akaota jipu shingoni, kola ikawa haifungi. Maendeleo yakamtoka. Akamtumia Mkamburi mjumbe: kutakuwa na baraza ya amani, D.O., mkuu wa tarafa, atakuwepo, aje atase mbele ya watu. Asipokuja, kibanda chake sokoni atafute pa kukihamishia.

"Utakwenda?" nikamuuliza. Nilikuwa naziba lile birika.

"Nitakwenda."

"Na wimbo wa Danson?"

"Ziba birika, mzee," akasema.

Siku ya baraza watu walijaa, na wengi walimtazama Mkamburi kama mtu aliyekwisha kununuliwa. Wengine walifurahi moyoni, nadhani. Wimbo ukifa, nao wangepumzika, maana ulikuwa unawataja, wao waliotazama viatu vyao Danson akipigwa.

Onesmus akaleta glasi ya soda ya machungwa.

"Maji ya miwa yako wapi?" akauliza mzee Obadiah, aliyewekwa kusimamia.

"Mzee, siku hizi ni soda. Ni kitu kilekile."

Mkamburi hakubishana. Akaipokea glasi, akapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Akamgeukia Onesmus. Onesmus aliinamisha shingo yake yenye jipu, amefumba macho, anangojea manyunyu kama mtu anayengojea ubatizo.

Mkamburi akameza.

Alimeza polepole, tukaona koo likishuka. Akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akarudisha glasi.

"Tamu," akasema. Akaenda kukaa.

D.O., kijana wa bara ambaye hakujua lolote la kwetu, akapiga makofi. Alidhani sherehe imekwisha vizuri. Mwalimu Reuben alijua kila kitu, amezaliwa mlimani huku, lakini mkubwa akipiga makofi mikono yake ilikuwa haimngoji. Akapiga kuliko wote. Mzee Obadiah alivaa kofia yake akaondoka. Na Onesmus akafumbua macho, mkavu kama alivyokuja. Angesema nini? Angesema, "Huyu hajatoa hasira"? D.O. angemuuliza, hasira ya nini?

Kibanda kilivunjwa wiki iliyofuata. Mkamburi akahamia Taveta, akauza ndizi zilezile karibu na zinakotoka, na akaimba shairi lile wazi, kwa sauti, maana bado lilikuwa lake. Onesmus alimtumia wajumbe, na mbuzi, na safari moja miwa yenyewe, mzigo mzima juu ya pikapu, labda ileile ya marungu. Mkamburi aliwajibu neno moja: "Nilishakunywa." Miwa wakaitafuna watoto wa mpakani.

Onesmus simhesabu, na Reuben pia. Watu wa aina yao hupatikana kila soko, bei rahisi. Wanaonisumbua ni wale wengine. Ule mstari ulifika mpaka kwenye uzio wa shule, na wenye marungu walienea wote nyuma ya pikapu moja. Nimekuwa nikiziba sufuria za waliopanga siku ile, kuanzia Voi mpaka Mata, na kila nyumba nimeuliza. Wananiongezea chai. Wanasema jua limekuwa kali, mzee. Nami nauliza tena, taratibu, bila ugomvi: siku ile, kwenye viatu vyenu, mlikuwa mnaona nini?