Kumtafutia Bosi Nyumba

Nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, watu wa Mwala waliniuliza mambo mawili: nitaolewa lini, na mbwa nitamwacha na nani. La kwanza nilikuwa nimelizoea. La pili ndilo lililonitoa nyumbani.

Mbwa huyo anaitwa Bosi, na alikuwa wa baba. Baba alifariki mwaka uleule serikali mpya ilipoingia, na baada ya mazishi Bosi akasusa chakula. Mama alimwekea ugali kwenye sufuria kuukuu akamsogezea hadi puani, naye akautazama tu. Jirani alijaribu nyama, hakuigusa. Jioni moja niliketi kwenye kigoda cha baba, mlangoni pa jikoni, nikawa nakula, nikamkatia tonge kama nilivyozoea kumwona baba akifanya. Akala. Tangu siku hiyo hakula ila mkononi mwangu. Nilipokwenda Nairobi kwa mahojiano ya chuo nikachelewa kurudi, nilimkuta amebaki mifupa mitupu.

"Ukienda, nenda naye," mama aliniambia. "Mimi siwezi kuangalia mwingine akifa hapa mlangoni. Mmoja ametosha."

Kisha akafunika sahani yake, ambayo hakuwa ameigusa, akasema ameshiba. Siku hizo alikuwa akishiba kila mara.

Basi ilinibidi nipate nyumba kati ya Machakos na Nairobi itakayomkubali mwalimu kama mimi na mbwa wake, kabla chuo hakijafunguliwa. Nikikosa, ningewaandikia watu wa chuo kwamba nafasi wampe mwingine. Niliamua kumchukua Bosi tuitafute pamoja, ili mwenye nyumba amwone kwa macho yake na asije akasema nilimficha.

Asubuhi ya siku ya soko, Mwala. Makanga wa matatu ya kwanza alimtazama Bosi kutoka masikioni hadi mkiani. "Mwalimu, hiyo ngiti, hiyo mbwa yako, ikitapika, ni nani ataosha?" Wa pili hata hakusimama. Aliyetuokoa ni Kioko, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa rafiki wa baba. Alinipakia mbele kwenye pikapu yake, akamtia Bosi nyuma pamoja na mbuzi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, nilikuwa nikigeuka kila mara kuchungulia kwa kioo. Mwanzoni mbuzi walirundikana kona moja. Kabla hatujafika lami, mmoja alikuwa amemlalia Bosi mgongoni, na Bosi ametazama pembeni mithili ya abiria aliyelaliwa na mtu asiyemjua.

Mchana, Machakos mjini. Nilizunguka ploti za nyumba za kupanga nyuma ya soko hadi viatu vikabadilika rangi. Nyumba zilikuwepo, ila kila lango lilikuwa na sababu yake, nami sikuondoka kabla ya kuuliza. Mahali pamoja walikuwa na mpangaji ambaye mbwa wake alianua nguo za watu kwenye kamba na kuzitandika matopeni. Mahali pengine familia iliyoishi hapo ilikuwa ikiswali uani, na mate ya mbwa yangewatia najisi. Mama wa nyumba hiyo alinieleza kwa upole, akanipa maji ya kunywa, na ya Bosi akayaweka kwenye kopo nje ya lango. Lango la mwisho lilikuwa na msimamizi aliyevaa kofia ya sufu juani. Alinichunguza kwa muda.

"Mwalimu mzima, na hauna mali ya kuibiwa," alisema. "Mbwa ni ya nini? Unaogopa nani?"

"Simwogopi mtu. Mbwa ni wa baba yangu."

"Na huyo baba ako wapi?"

Nilimwambia. Alivua kofia, akanipa pole ya kweli, kisha akasema nyumba haiko.

Alasiri, njia ya Mitaboni. Kioko alipomaliza kuuza mbuzi alinikuta nimeketi kwenye kivuli cha ukuta wa soko, akaniambia ana mkwewe huko Mitaboni, Mzee Mbithi, mwenye nyumba ya mawe isiyokaliwa na mtu. Nilijua Mitaboni si njia ya Nairobi. Kufikia hapo hata hivyo ningekubali nyumba juu ya mti.

Mzee Mbithi alitupokea vizuri mno. Mkewe alileta uji kwenye kibuyu, na mzee akaupiga funda moja kabla ya kunipa, jinsi mwenye nyumba anavyopaswa kufanya kwetu, ili mgeni ajue kwamba kilichomo ni salama. Nyumba ilikuwa safi, na mzee alifurahi kuhusu mbwa kwa sababu fisi walikuwa wakisumbua zizi lake. Jioni alimtupia Bosi kipande kizuri cha ugali chenye mchuzi. Bosi akakinusa, akakiruka, akaja kulala miguuni pangu.

"Huyu anakula kwako peke yako?" mzee aliuliza.

"Peke yangu."

"Na wewe utakuwa unarudi kutoka Nairobi saa ngapi?"

Sote wawili tulijua barabara ile. Mzee akatikisa kichwa. "Mwalimu, mbwa mwenye hawezi kula kwangu, siku moja utanikuta nimemzika. Sitaki hiyo dhambi."

Nilivunjika moyo kabisa. Hata hivyo sikuweza kumkasirikia, kwa kuwa maneno yake ni yale ya mama.

Asubuhi ya pili, kutoka Mitaboni hadi Lukenya. Lori lililoleta mawe ya ujenzi lilikuwa likirudi tupu machimboni. Dereva alikubali kutubeba akisema ploti za karibu na machimbo zimejaa watu wa kila kabila na haoni vipi zishindwe na mbwa. Kwa mara ya kwanza niliviona vilima vya Lukenya kwa karibu: upande huu ng'ombe wa ranchi, upande ule mlima umekatwa kama mkate, na vumbi jeupe juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu. Bosi alipiga chafya njia nzima.

Dereva alitushusha kwa Mama Shiru, mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyejenga vyumba vya mabati na mawe kuzunguka ua mmoja. Alikuwa akipima maharagwe dukani kwake mbele ya lango, na hakuacha kupima.

"Mbwa sikatai," alisema. "Yule wetu alikufa, na wezi wamejua. Lakini hapa niko na masharti yangu. Mbwa akiingia, kila mpangaji anampatia chakula na mkono wake, siku ya kwanza. Ndiyo ajue ni nani wa hapa na asiume mtoto wa mtu. Akikataa mkono wa mmoja, hakai. Sawa?"

Ningeweza kumweleza pale pale, nikaondoka zangu. Badala yake nikasema sawa, maana sikuwa tena na pa kwenda.

Jioni, uani kwa Mama Shiru. Wapangaji walitoka vyumbani wakasimama duara. Ugali uliwekwa kwenye sinia. Mama Shiru alianza, akamnyooshea Bosi tonge. Bosi akageuza kichwa. Mke wa askari wa kiwandani akajaribu, Bosi akageuza tena. Kijana mmoja akasema, "Niaje, Bosi, unatuona washamba ama?" na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya chuo kichwani.

Akafuata Wafula, mchonga mawe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, vumbi hadi masikioni. Alimega tonge kubwa, na kwa njaa aliyokuwa nayo likamwendea mdomoni. Akauma nusu. Watu wakamkemea kwamba hicho ni chakula cha mbwa. Akaona haya, akainyoosha nusu iliyobaki huku akitafuna.

Bosi akasimama, akaenda akaichukua kwa ustaarabu wote, akala.

Nami nikamwona baba kwenye kigoda chake: anamega, anaonja, kisha anampa Bosi. Kila jioni, maisha yote ya mbwa yule. Alimtendea mbwa wake vile Mzee Mbithi alivyonitendea mimi na kibuyu. Nami niliyekaa pale kigodani nilikuwa nikifanya hivyohivyo bila kujijua, na kwa miezi nikaamini kwamba mbwa ananitaka mimi.

"Onjeni kwanza," nikawaambia. "Muume kidogo, halafu mumpe."

Wakaonja. Mama Shiru, mke wa askari, kijana wa niaje, wote. Bosi alikula mikononi mwa ua mzima hadi tumbo likawa ngoma. Chumba nikapewa. Nilifurahi sana, na pia niliumia kidogo, nadhani mtu yeyote angeumia.

Kurudi Mwala. Nilirudi na Bosi kuchukua kitanda na vitabu. Nilimsimulia mama habari yote akiwa jikoni, naye akasikiliza akiwa amenipa mgongo. Alipomaliza kupika alifunika sahani yake kama kawaida. Kisha akaifunua. Akatoka nayo hadi mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha baba, mahali ambapo sikuwa nimemwona akikaa tangu mazishi.

Akamega tonge dogo, akaliuma, akampa Bosi lililobaki. Bosi akala na kumtazama. Mama akamega jingine. Ilimbidi aume, kwa sababu asipouma mbwa hali, na mbwa alikuwa na njaa ya safari. Waliendelea hivyo, huyu tonge na yule tonge, mpaka sahani ikaisha.

"Mwaitu," nilimwambia mama mwishowe, "Bosi abaki?"

"Nyumba si umemtafutia?"

"Nimeipata."

Alimfuta Bosi makombo puani kwa kidole gumba. "Basi hiyo nyumba ni yako," alisema.

Kwa hiyo nilifika Lukenya na kitanda, vitabu, na bila mbwa. Mama Shiru alisimama langoni mikono kiunoni, akanikumbusha kwamba chumba alimpa Bosi na si mimi. Nilimweleza. Akapima maharagwe ya mteja mmoja, kisha akanipa ufunguo na kuniambia mwaka ujao akizaa mbwa yeyote huko Mwala nimletee mtoto mmoja.

Nilitoka nikitafuta nyumba inayokubali mbwa, nikajifunza namna ya kumlisha mama yangu. Sikutarajia, na mpaka leo sijui baba angesema nini.

Jioni ile ya kwanza nilipika ugali kwenye jiko la makaa, nikakaa mlangoni kuelekea uani. Nilimega tonge, nikaliuma, nikanyoosha mkono pembeni bila kutazama. Ukakaa pale hewani kwa muda. Halafu nikaurudisha, nikala lililobaki mwenyewe.