Mtu Aliyekuja Kuchukua Kibanda Changu

Nikiwa mdogo kule Burnt Forest tulikuwa na punda mwenye sikio lililokatika. Usiniulize lilikatikaje, baba yangu alikuwa na hadithi tofauti kila Krismasi. Kazi ya huyo punda ilikuwa kubeba maziwa asubuhi, ukungu ukiwa mzito mpaka huoni masikio yake, hata lile zima. Hakuna mtu alimwongoza. Alisimama mwenyewe kwa geti ya kila mteja, akangoja mtungi ushushwe, akaenda. Mteja mmoja akahamia Nakuru. Punda akaendelea kusimama kwa hiyo geti, na humtoi pale mpaka ujifanye unashusha maziwa.

Nilimkumbuka wakati supermarket ilifunguliwa ng'ambo ya barabara kutoka kibanda changu hapa Langas. Mimi nauza nafaka: mahindi kutoka kule Soy, maharagwe, njugu kidogo. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, lakini hicho kibanda nimekaa nacho tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni kwa mama yake, na sasa huyo mtoto ana mvi. Watu walikuwa wanasimama kwangu kama yule punda, bila kufikiria. Mtu anatoka kazini, miguu inasimama, mkono unaingia kwa gunia, anauma punje moja kuona kama imekauka, tunaongea habari ya mvua, napima gorogoro. Gorogoro ni mkebe tu wa kupimia, lakini lazima uugonge chini nafaka ishuke, halafu ujaze tena mpaka juu kuwe na kilima. Usipogonga, mama anakunyang'anya mkebe anagonga mwenyewe, tena kwa hasira.

Sasa supermarket ikaja na mataa yake, maharagwe ndani ya paketi inayong'aa, na miguu ikaacha kusimama. Sikuwalaumu. Hata mimi niliingia huko nikaangalia, nikatoka na sabuni ya kunukia ambayo mke wangu aliificha. Lakini ikafika mahali wateja wangu waaminifu ni panya. Nikamwambia mke wangu tufunge, twende kwa shamba letu kule Soy, tulime.

"Ulime na mgongo gani?" akauliza. "Wewe utalima maneno."

Alikuwa anasema kweli. Mtu kama mimi ukimtoa mahali pa kukaa akiongea na watu, anazeeka kwa wiki moja. Hicho ndicho nilikuwa naogopa, kuliko hata njaa. Lakini sikuona njia.

Nikapata mtu wa kuchukua kibanda. Alivaa viatu vilivyochongoka mbele, na alitaka kuuza vitu vya simu, kava na chaja. Tukaelewana aje Jumatatu asubuhi nimpe ufunguo.

Akaja. Nikamkaribisha akakaa juu ya gunia, ufunguo nikiwa nao mkononi. Kabla sijasema neno akaingia mama wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja. Huyu mama alitoka upande wa ziwa, na anawapikia watu wa mjengo. Hapo niseme kidogo: mji wetu siku hizi unaitwa jiji, na kila mkimbiaji akirudi na medali anajenga gorofa. Gorofa haijengwi na watu wenye njaa. Mimi hayo nilikuwa nayaona kila siku na sikuwa nimeyawaza mpaka asubuhi hiyo.

"Mzee, nimeaibika!" mama akasema.

"Si ulinihama?"

"Nilihama, nimerudi, usiniharakishe. Hii maharagwe ya paketi jana nimechemsha tangu alfajiri. Makaa imeisha, yenyewe bado. Fundi mmoja ananiuliza kama nimewapikia kokoto ya kazini!"

Akageukia yule mgeni wangu, akamwekea punje moja ya paketi mkononi. "Uma."

"Mimi, Mama?"

"Kwani ni nani mwingine ana meno hapa? Mzee amebaki na mawili. Uma!"

Akauma. Jino likateleza, akashika shavu. "Aii!"

Mama akachota kwa gunia langu. "Haya, na hii."

Kwa hiyo ya gunia, jino likaingia taratibu, likaacha alama.

"Umeona? Hii imetoka shamba juzi. Ile ya paketi imekaa stoo mpaka imesahau mvua. Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nachukua hapa."

"Utauza nini?"

"Kava za simu."

Mama akamwangalia kutoka kwa viatu mpaka juu. "Basi kesho nichemshe kava."

Sote tukacheka, hata yeye, huku ameshika shavu. Mama akasema anataka debe kila asubuhi, na wenzake wanaopika kwa mjengo mwingine wako njiani, nao paketi imewachoma. Kweli wakaja. Nikamwambia mgeni, "Kaa kidogo nimpimie huyu." Kumpimia huyu ikabidi nifungue gunia alilokalia, akasimama. Akasogea kwa mlango, akakuta anamzuia mama mwingine. Hata askari wa supermarket akavuka na yunifomu yake, akataka njugu, akanieleza kwamba siku hizi ng'ambo kumejaa watu mpaka wengine wanamwagika huku.

"Mzee," mgeni akaniita kutoka nje, "wewe kweli unahama hapa?"

Nilitaka kumjibu vizuri, lakini mama mmoja alikuwa ananyang'anya gorogoro akisema sijagonga, na mimi nasema nimegonga, na kumbe ule ufunguo ndio nilikuwa nimetumia kukata uzi wa magunia. Nilipoinua kichwa alikuwa anaangalia laini ya wale akina mama. Akajishika shavu, akatabasamu, akaruka maharagwe yaliyomwagika kwa mlango ili asiyakanyage, akashika barabara ya kwenda stage ya matatu. Nikafikiri anaenda kununua maji. Viatu vyake vilivyochongoka ndivyo nilivyoona mwisho.

Hakurudi.